Mrushaji wa Mwisho: Je, Namba Hupima Ustadi au Cheo?

Mwaka 2007, katika American League, mojawapo ya ligi mbili kuu za besiboli huko Marekani, hapakuwa na mrushaji aliyemzidi Joe Borowski wa timu ya Cleveland kwa idadi ya michezo aliyoimaliza na kuuhifadhi ushindi wa wenzake. Alihesabiwa mara 45. Hata hivyo, kwa kila awamu tisa alizorusha msimu ule, Borowski alifungwa wastani wa mikimbio 5.07, na huo ni wastani mbaya kuliko ule wa warushaji wa ligi yake kwa jumla. Yaani mtu aliyeongoza ligi kwa kipimo kimoja alikuwa nyuma ya mrushaji wa kawaida kwa kipimo kingine.

Jambo hili si fumbo la wapenzi wa michezo peke yao. Linahusu swali la msingi katika sayansi ya takwimu: namba iliyoandikwa mbele ya jina la mtu inapima nini hasa? Je, inapima kazi aliyoifanya, au inapima mahali alipowekwa? Besiboli hufaa sana kwa uchunguzi wa namna hii, kwa sababu karibu kila tendo la mchezo huo huandikwa, na kumbukumbu zake zimehifadhiwa kwa zaidi ya karne moja.

MCHEZO KWA UFUPI

Besiboli haichezwi sana Afrika Mashariki, ingawa si ngeni kabisa. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League kule Pennsylvania. Kwa msomaji anayeifahamu kriketi, mambo mengi ya besiboli hayatakuwa mageni.

Mrushaji husimama umbali wa meta 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpigaji akishindwa mara tatu kuupiga mpira ipasavyo, ametolewa. Katika makala haya itasemwa kwamba amekoseshwa. Mrushaji akirusha mipira minne mibaya ambayo mpigaji hakuijaribu, mpigaji hupewa kituo cha bure. Mpigaji akiupeleka mpira nje ya uwanja kwa pigo la kuvuka uzio, yeye na wenzake wote walioko vituoni hupata mikimbio. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu ya timu yao katika awamu hiyo imekwisha. Mchezo kamili una awamu tisa.

Mrushaji anayeanza mchezo ni nadra kuumaliza, kwa kuwa mkono huchoka na wapigaji huzoea mirusho yake. Kwa hiyo kila timu ina kikosi cha warushaji wa akiba, ambao hupasha viungo moto katika kizimba chao kando ya uwanja wakisubiri kuitwa. Miongoni mwao, yule anayetengewa awamu ya mwisho wakati timu yake inaongoza kwa tofauti ndogo huitwa mmalizaji. Wanaomtangulia katika awamu ya saba na ya nane ni watangulizi.

ASILI YA KIPIMO

Hapo zamani kazi ya mrushaji ilipimwa kwa idadi ya michezo aliyoshinda na kushindwa. Mwaka 1959 Elroy Face wa Pittsburgh, ambaye alikuwa mrushaji wa akiba, alihesabiwa ushindi 18 na kushindwa mara moja tu. Jerome Holtzman, mwandishi wa habari za michezo mjini Chicago, hakuridhishwa na hesabu hiyo. Aliona kwamba mrushaji wa akiba aweza kuingia timu yake ikiongoza, akafungwa hadi timu zikalingana, kisha wenzake wakafunga tena, na ushindi ukaandikwa kwa jina lake. Kosa lake lilikuwa limegeuka sifa. Ndipo Holtzman akabuni kipimo kipya, ambacho kwa Kiswahili chaweza kuitwa uokozi. Kilikubaliwa rasmi katika ligi kuu mwaka 1969.

Kwa kanuni ilivyo leo, mrushaji hupata uokozi akiumaliza mchezo ambao timu yake imeshinda, huku yeye mwenyewe si mrushaji aliyeandikiwa ushindi, na mojawapo ya masharti matatu likatimia. Sharti la kwanza ni kwamba aliingia timu ikiongoza kwa mikimbio isiyozidi mitatu, naye akarusha angalau awamu moja. La pili ni kwamba alipoingia, mtu ambaye angeweza kusawazisha alikuwa kituoni, au anapiga, au ndiye anayefuata kupiga. La tatu ni kwamba alirusha angalau awamu tatu.

Kasoro ya kipimo hiki huonekana mara kinapowekwa kazini. Chukuliwe mrushaji anayeingia awamu ya tisa, vituo vikiwa vitupu, timu yake ikiongoza kwa mikimbio mitatu. Anafungwa mikimbio miwili, kisha anawatoa watu watatu. Amerusha vibaya, lakini anaandikiwa uokozi. Mwenzake aliingia awamu ya saba, timu ikiongoza kwa mkimbio mmoja, vituo vyote vitatu vikiwa na watu na hakuna aliyetolewa. Akawatoa watatu bila kufungwa. Huenda yeye ndiye aliyeuokoa mchezo, lakini hapati uokozi. Mwaka 1986 kilibuniwa kipimo kingine cha kuwahesabia watangulizi, kiitwacho hold, yaani kushikilia. Hata hivyo hicho hakina hadhi rasmi kama uokozi.

Hali hii inafanana na ile ya shule ya msingi ambayo mwalimu wa darasa la saba husifiwa peke yake kwa matokeo ya mtihani, huku walimu waliowafundisha watoto kusoma na kuhesabu tangu darasa la kwanza hawatajwi. Matokeo ni ya kweli, ila anayetajwa ni yule aliyekuwapo mlangoni siku ya mwisho.

KIPIMO KILIVYOUNDA KAZI

Kwa kawaida kipimo hutungwa ili kuieleza kazi. Katika besiboli, kadiri miaka ilivyopita, kazi nayo ilianza kuundwa kwa mfano wa kipimo. Mwaka 1974 Mike Marshall wa Los Angeles Dodgers aliingia uwanjani kama mrushaji wa akiba katika michezo 106, akarusha awamu 208 na theluthi moja. Aliitwa wakati wowote penye hatari. Mwaka 1990 Dennis Eckersley wa Oakland, chini ya kocha Tony La Russa, alirusha awamu 73 na theluthi moja tu, yaani zaidi kidogo ya theluthi ya kazi ya Marshall, akapata uokozi 48 kwa wastani wa mikimbio 0.61. Ustadi wa Eckersley haukuwa na shaka. Lakini mtindo aliotumiwa, wa kuingia awamu ya tisa timu ikiwa inaongoza, ukaigwa na timu zote, hata zile ambazo hazikuwa na mtu wa kiwango chake.

Uchunguzi wa kumbukumbu za michezo ya miongo mingi umeonyesha kwamba timu inayoongoza mwanzoni mwa awamu ya tisa hushinda takriban mara 95 katika kila 100, na kwamba kiwango hicho hakikubadilika sana kabla na baada ya kuzuka kwa wamalizaji wa awamu moja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uokozi unaoandikwa ni wa michezo ambayo tayari ilikuwa karibu kushindwa na timu husika.

LIGI ZA KUBUNI

Mwaka 1980 Daniel Okrent na marafiki zake mjini New York walianzisha mchezo wa hesabu juu ya mchezo wa uwanjani. Kila mshiriki hununua kwa mnada wachezaji halisi na kuwaunganisha katika timu ya kubuni. Matendo ya wachezaji hao msimu mzima huhesabiwa, na mwenye jumla nzuri hushinda. Ligi hiyo iliitwa Rotisserie kutokana na mkahawa wa La Rotisserie Française, walipokuwa wakikutana. Leo ligi za namna hiyo zinachezwa na mamilioni ya watu.

Katika utaratibu wa awali warushaji walipimwa kwa mambo manne: ushindi, uokozi, wastani wa mikimbio, na jumla ya mapigo na vituo vya bure kwa kila awamu. Baadaye iliongezwa idadi ya wapigaji waliokoseshwa. Hivyo uokozi ukawa robo, na kisha moja ya tano, ya thamani yote ya warushaji. Ligi kuu ina timu 30, na kwa kawaida timu huwa na mmalizaji mmoja kwa wakati mmoja. Washiriki 12 wakitaka wamalizaji wawili au watatu kila mmoja, karibu wote watakwisha sokoni. Kutokana na uhaba huo bei hupanda, na mshiriki mwenye dola 260 za kubuni za kununulia wachezaji 23, kama ilivyozoeleka, hujikuta akilipa fedha nyingi kwa cheo ambacho kocha aweza kukiondoa kesho yake asubuhi.

Ndiyo sababu mshiriki mwenye busara huuliza maswali mawili tofauti. La kwanza: mrushaji huyu ana ustadi gani? La pili: atapewa nafasi ngapi, na kwa muda gani? Idadi ya uokozi wa mwaka uliopita huyachanganya majibu ya maswali hayo mawili katika namba moja.

SWALI LA USTADI

Mwaka 2001 mtafiti Voros McCracken alitangaza matokeo yaliyowashangaza wengi: mpira ukishapigwa ukabaki ndani ya uwanja, mrushaji ana uwezo mdogo sana wa kuamua kama utadakwa au utaanguka mahali pasipo mtu. Hayo hutegemea zaidi wadakaji, uwanja, na bahati. Mambo ambayo mrushaji huyamiliki kwa kiasi kikubwa ni matatu: kuwakosesha wapigaji, kutotoa vituo vya bure, na kuzuia mapigo ya kuvuka uzio. Kutokana na wazo hilo Tom Tango alitunga kanuni ambayo mapigo ya kuvuka uzio huzidishwa kwa 13, vituo vya bure pamoja na wapigaji waliogongwa na mpira huzidishwa kwa 3, na waliokoseshwa huzidishwa kwa 2 na kutolewa. Jumla hugawanywa kwa awamu, kisha huongezwa namba maalumu ili matokeo yalingane na kipimo cha wastani wa mikimbio.

Kwa darubini hiyo kikosi cha Cleveland cha mwaka 2007 kinaonekana vingine. Mtangulizi wa Borowski alikuwa Rafael Betancourt. Borowski aliwakosesha wapigaji 58 na kutoa vituo vya bure 17. Betancourt aliwakosesha 80, akatoa vituo vya bure 9 tu, na wastani wake wa mikimbio ulikuwa 1.47. Uokozi wake ulikuwa 3. Kwa ustadi Betancourt alikuwa juu. Kwa cheo alikuwa chini. Msimu uliofuata Borowski alirusha vibaya zaidi, na mwezi Julai 2008 klabu ikamwachia aende zake.

TATIZO LA IDADI NDOGO

Hata hivyo, hapana budi kutahadhari. Mwaka huohuo wa 2008 wastani wa Betancourt nao ulipanda ukapita 5. Mtu anayeshangazwa na jambo hilo hajatafakari uchache wa kazi ya warushaji wa akiba.

Chukuliwe mmalizaji aliyerusha awamu 60 na kufungwa mikimbio 20. Wastani wake ni 3.00. Ikiwa mikimbio 5 kati ya hiyo ilifungwa katika awamu moja mbaya, basi bila awamu hiyo wastani ungekuwa 2.29. Chukuliwe sasa mrushaji wa kuanzia mwenye awamu 180 na mikimbio 60. Naye ana wastani wa 3.00, lakini akiondolewa awamu mbaya kama hiyo wastani wake unashuka hadi 2.77 tu. Jioni moja mbaya humharibia mmalizaji hesabu zaidi ya mara tatu kuliko inavyomharibia mwenzake.

Mfano halisi ni Edwin Díaz. Mwaka 2018, akiwa Seattle, alipata uokozi 57 kwa wastani wa 1.96. Mwaka 2019 alihamia New York Mets, na wastani wake ukaruka hadi 5.59. Wengi walimkatia tamaa. Lakini katika msimu huo mbaya aliwakosesha wapigaji 99 katika awamu 58, kiwango ambacho warushaji wachache hukifikia. Kilichobadilika zaidi ni mapigo ya kuvuka uzio, ambayo yalitoka 5 yakafika 15. Mwaka 2020 wastani wake ulikuwa 1.75, na mwaka 2022 ukawa 1.31. Aliyetazama wastani peke yake alimuuza kwa bei ya hasara. Aliyetazama waliokoseshwa alikuwa na sababu ya kungoja.

Hesabu nyingine yafaa kukumbukwa na washiriki wa ligi za kubuni. Timu ya kubuni yenye awamu 1,300 na wastani wa 3.80 ikizibadilisha awamu 65 za kawaida kwa awamu 65 za mmalizaji mwenye wastani wa 2.00, wastani wa timu nzima utashuka hadi 3.71 tu. Faida ipo, ila ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

SWALI LA NAFASI

Ustadi ukishapimwa, hubaki cheo. Mwaka 2008 Francisco Rodríguez wa timu ya Angels alipata uokozi 62, idadi ambayo haijawahi kufikiwa na mwingine kwa msimu mmoja. Alikuwa hodari, lakini idadi hiyo isingewezekana kama timu yake, iliyoshinda michezo 100, isingemletea nafasi 69 za kuokoa. Hakuna mrushaji anayeweza kujitengenezea nafasi hizo mwenyewe. Hutegemea wapigaji wa timu yake, tofauti ya mikimbio, na uamuzi wa kocha.

Dalili za cheo kutikisika huonekana mapema kwa mwenye kuangalia. Ya kwanza ni kasi. Vyombo vya kupimia mirusho vilivyoenea katika viwanja vya ligi kuu huonyesha kasi ya kila mpira, na mrushaji ambaye kasi yake inashuka kwa majuma kadhaa mfululizo aweza kuwa na jeraha. Ya pili ni mpangilio wa matumizi: kocha akianza kumwita mrushaji fulani awamu ya nane dhidi ya wapigaji wakali zaidi wa wapinzani, amekwisha onyesha anamwamini nani, hata kama bado hajatangaza. Ya tatu ni vituo vya bure, kwa maana mara nyingi kocha humvumilia mrushaji aliyepigwa kuliko yule asiyeweza kulenga.

Aidha, vyeo vyenyewe vinabadilika. Mei 2018 timu ya Tampa Bay ilimtumia Sergio Romo, mmalizaji wa zamani, kuanza mchezo badala ya kuumaliza, ili akabiliane na wapigaji bora katika awamu ya kwanza. Tangu 2020 kanuni humtaka mrushaji akabiliane na wapigaji wasiopungua watatu au aumalize upande wa awamu, na hivyo wale waliokuwa wakiitwa kumkabili mpigaji mmoja tu wamepoteza kazi yao ya pekee. Ligi nyingi za kubuni nazo sasa huhesabu uokozi pamoja na kushikilia, ili watangulizi wapate thamani yao.

GHARAMA YA KUKOSEA

Mtu aweza kusema kwamba haya ni mambo ya burudani. Lakini kipimo kisichoeleweka huwagharimu watu wa kweli. Mwaka 2016 Zack Britton wa Baltimore alipata uokozi 47 katika nafasi 47, kwa wastani wa 0.54. Oktoba 4 mwaka huo timu yake ilicheza na Toronto mchezo mmoja wa mtoano. Mchezo ukawa sare ya 2 kwa 2, ukaingia awamu za ziada. Kocha alimhifadhi Britton akingoja timu iongoze kwanza. Katika awamu ya 11 Edwin Encarnación alimpiga mrushaji mwingine, Ubaldo Jiménez, pigo la kuvuka uzio lenye mikimbio mitatu, na msimu wa Baltimore ukaishia hapo. Britton hakurusha hata mpira mmoja.

Mfano wa pili ni wa mshahara. Dellin Betances wa New York Yankees aliwakosesha wapigaji 135, 131 na 126 katika misimu mitatu ya 2014 hadi 2016, akiwa hasa mtangulizi. Mwaka 2017 aliomba dola milioni 5. Klabu ilitoa milioni 3, na hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba yeye hakuwa mmalizaji. Wasuluhishi waliamua kwa upande wa klabu. Katika miaka hiyo mitatu alikuwa na uokozi 22 tu.

USTADI HUTANGULIA CHEO

Mwaka 1996 timu ya Yankees ilikuwa na mmalizaji aitwaye John Wetteland, aliyepata uokozi 43. Mtangulizi wake alikuwa kijana wa Panama, Mariano Rivera, aliyekuwa na uokozi 5. Rivera alirusha awamu 107 na theluthi mbili, akawakosesha wapigaji 130, kwa wastani wa 2.09. Msimu ulipokwisha Wetteland alihamia timu nyingine, na mwaka 1997 Rivera akakalia kiti kile. Alipata uokozi 43, sawasawa na mtangulizi wake katika kiti hicho.

Rivera alistaafu mwaka 2013 akiwa na uokozi 652, idadi ambayo haijafikiwa na yeyote, na mwaka 2019 alichaguliwa na wapigakura wote bila hata mmoja kupinga kuingia katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli. Waliosoma safu ya uokozi walianza kumtambua mwaka 1997. Waliosoma safu ya waliokoseshwa na vituo vya bure walikuwa wamekwisha kumwona mwaka mmoja kabla, alipokuwa bado akirusha katika awamu ambazo hazikuwa na jina.